Kadi ya Yudelka Peguero

Sura ya Saba

Kadi yenyewe haikuzidi kiganja cha mkono, na ndiyo iliyomzuia Sajini Swinda Girigori asimkamate mtu ambaye alikuwa na hakika naye.

Wakili wa Rainier Capello alileta nakala yake Jumatatu, akaiweka juu ya meza ya mwendesha mashtaka. Kadi ya kuondoka kisiwani. Jina: Yudelka Peguero. Uraia: Jamhuri ya Dominika. Tarehe: 14 Februari 2009. Ndege ya mchana kwenda Santo Domingo. Ikiwa Yudelka aliondoka Curaçao siku ile kwa miguu yake, basi mifupa iliyotolewa ndani ya kisima cha nyumba ya Capello miaka saba baadaye haikuwa yake, na Capello hakuwa na la kujibu kuhusu mtumishi wake wa zamani.

Mafundi ndio walioiona. Walikwenda Rustplaats, ile nyumba ya Capello, kufunga pampu, wakapasua saruji iliyoziba mdomo wa kile kisima cha kuvunia maji ya mvua, wakashusha taa. Daktari alisema ni mwanamke wa miaka kati ya ishirini na thelathini. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika utotoni, ukaunga vibaya. Fuvu lilipasuliwa kisogoni kwa kitu kizito. Aliyemtumbukiza alimmwagia magunia mawili ya chokaa. Vipande vilipelekwa Uholanzi kupimwa vinasaba, na jibu la kwanza likarudi upesi: chokaa na maji vimeharibu mengi, subirini wiki kumi, pengine zaidi.

Capello alikuwa na tikiti ya kwenda Amsterdam Ijumaa jioni. Leo ilikuwa Jumatano.

"Nakupa mpaka kesho saa sita mchana," alisema mwendesha mashtaka, Mholanzi mmoja mrefu aliyeitwa Terpstra. "Baada ya hapo sina cha kumzuilia. Yule mwanamke aliondoka, Swinda. Karatasi inasema."

"Dada yake anasema Yudelka alivunjika mkono wa kushoto akiwa na miaka minane. Alianguka kutoka juu ya punda."

"Watoto wengi huvunjika mikono."

"Na wangapi hutiwa chokaa?"

Terpstra alivua miwani akaiweka juu ya nakala ya kadi. "Kesho saa sita," alisema.

*

Mwenzake Swinda, Hensley Cijntje, alikuwa na wazo lake. Kadi ni ya kweli, alisema, ila aliyepanda ndege siyo. Mwanamke mwingine alivaa jina la Yudelka akaondoka na pasipoti yake. Na nyumba ile ilikuwa na watumishi wawili wa kike.

Wa pili alikuwa Fidelina Orozco, Mkolombia, mpishi. Walimkuta kwenye kibanda chake karibu na soko, anakaanga pastechi, sambusa za kisiwani, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Hensley akanunua mbili za nyama kwanza ili asiwafukuze.

"Dada Fide," alisema huku anapuliza, "tarehe kumi na nne Februari, mwaka wa tisa, ulipanda ndege kwa pasipoti ya Yudelka?"

Fidelina alimtazama, kisha akamtazama Swinda, kama anayeuliza huyu umemtoa wapi.

"Nenda hospitali ukaulize. Siku hiyo nilikuwa nazaa. Mkunga alinitukana kwa Kiholanzi tangu alfajiri mpaka jioni. Hiyo ndiyo ndege niliyopanda mimi."

Hensley aliacha kutafuna. Wazo lake lilikuwa limekufa na pastechi ya pili bado ina moto.

"Ulirudi kazini lini?" Swinda aliuliza.

"Baada ya wiki sita."

"Yudelka alikuwepo?"

"Kitanda chake kilikuwa kimekunjwa. Shon Rainier, bwana mwenye nyumba, akaniambia amepata mwanamume, amekwenda zake kwao."

"Ukaamini?"

"Nilikuwa na mtoto mchanga na sina kibali cha kazi, Sajini. Niliamini kila nilichoambiwa." Fidelina aligeuza pastechi tatu ndani ya mafuta, moja moja. "Lakini maji nilijiuliza."

"Maji gani?"

"Nyumba ile tulikuwa tunakunywa maji ya kisima. Matamu, baridi. Niliporudi, maji yanaletwa na lori. Ikaja mvua ya Novemba, barabara zikageuka mito, na sisi bado tunaletewa maji na lori. Mdomo wa kisima umezibwa kwa saruji mpya. Nikasema moyoni, wenye nyumba kubwa wana mambo yao."

"Hukumuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Bibi mwenye nyumba alinikataza hata kuanika nguo upande ule."

Swinda aliandika yote, akamsomea, Fidelina akasaini kwa kidole chenye unga. Yalikuwa maelezo mazuri, lakini hayakutosha. Wakili angesema kisima kilizibwa kwa sababu kilivuja. Wakati wanarudi kwenye gari, Hensley alifuta mikono kwa leso.

"Tumebaki na nini?"

"Tumebaki na kadi," Swinda alisema. "Mimi nimeona nakala tu. Twende tukaione yenyewe."

*

Kitengo cha Kadi za Wasafiri kilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya jengo moja la zamani ng'ambo ya bandari, chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu mpaka kwenye dari. Kila msafiri aliyeingia au kutoka kisiwani alijaza kadi, na kila kadi iliishia humu, kwa mabunda, ikingojea kutimiza miaka kumi ili ichomwe. Msimamizi wa chumba alikuwa Maira Windster, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani shingoni kwa uzi. Alivuta sanduku la Februari 2009 bila kutafuta, akatoa bunda la ndege ile ya mchana.

"Wakili alikuja na barua ya mahakama," alisema. "Nikampa nakala. Sikujua ni habari ya kisima."

"Muhuri wa uwanja wa ndege uko wapi?" Swinda aliuliza. Alikuwa ameigeuza kadi ya Yudelka mara mbili.

"Hawakupiga muhuri kila kadi. Walifunga bunda, wakaweka karatasi ya juu, wakapiga muhuri pale."

Karatasi ya juu ilikuwa na muhuri, tarehe, saini ya ofisa wa zamu, na idadi: 61.

Swinda alivaa glavu, akazihesabu kadi juu ya meza. Alipofika mwisho akazigeuza, akahesabu upya kutoka chini. Kisha akamsogezea Hensley, naye akahesabu kwa midomo.

"Sitini na mbili," Hensley alisema.

"Ndiyo."

"Ofisa wa zamu alichoka. Wakili atasema hivyo kabla hujamaliza sentensi."

"Najua."

Hakuziacha. Alizitandaza kadi zote mezani, safu baada ya safu, akaanza kuzilinganisha: rangi ya karatasi, wino, kona zilizokunjika. Karatasi ni ile ile. Kwenye ukingo wa kulia wa kila kadi kulikuwa na namba tatu za penseli nyekundu, moja chini ya nyingine.

"Hizi ni nini?"

"Namba za nchi," Maira alisema. "Kila nchi ina namba ya tarakimu tatu. Umoja wa Mataifa ndio unaozitoa, ili takwimu za Mjapani na za kwetu zisomeke sawasawa. Kadi ikifika hapa, mwandishi wa namba anasoma alichojaza msafiri, anaandika ukingoni. Ya juu ni uraia, ya katikati ni nchi anayoishi, ya chini ni anakokwenda. Jamhuri ya Dominika ni 214. Kolombia 170. Uholanzi 528. Ukizoea huoni tena majina, unaona namba tu."

Swinda alirudi kwenye kadi. Abiria waliokuwa wakazi wa kisiwa walikuwa ishirini na tatu. Alizitenga kadi zao. Namba ya katikati ilikuwa 530, na tena 530, na tena. Kwenye kadi ya Yudelka Peguero ilikuwa 531.

"Hii imekosewa?"

Hensley aliinama. "Mkono umeteleza. Sifuri imekuwa moja."

Maira alivaa miwani, akaishika kadi kwa ncha za vidole. Alikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Feni ya ukutani ilizunguka, ikafika mwisho, ikarudi.

"Mkono hauwezi kuteleza ukaandika nchi ambayo haijazaliwa," alisema.

"Sema tuelewe, Bi Maira."

"Zamani, Aruba ilipokuwa pamoja nasi, visiwa vyote sita tulikuwa na namba moja, 532. Aruba ikajitoa mwaka themanini na sita, ikapewa 533. Sisi watano tuliobaki tukawa 530. Tukakaa hivyo mpaka Oktoba ya 2010, muungano wa visiwa ulipovunjwa. Ndipo Curaçao ikapewa namba yake peke yake." Aliweka ukucha chini ya tarakimu nyekundu. "Hii hapa. 531. Orodha mpya ilitufikia mwanzoni mwa 2011. Nakumbuka kwa sababu wiki nzima tulikuwa tunaandika 530 kwa mazoea na tunafuta."

"Na Februari 2009?"

"Februari 2009 ungeniambia 531 ningekuuliza ni nchi gani hiyo. Haikuwepo kwenye orodha. Haikuwepo kwenye kichwa cha mtu yeyote."

Hensley alikuwa ameacha kuegemea rafu.

"Kwa hiyo kadi hii iliandikwa namba si kabla ya 2011," Swinda alisema, "ikaingizwa kwenye bunda la 2009. Ndiyo maana zilikuwa sitini na moja na sasa ni sitini na mbili."

Maira alianza kuzipanga zile kadi nyingine, akazigonga mezani kingo zikae sawa, akazigonga tena.

"Waandishi wa namba mwaka 2011 walikuwa wangapi?"

"Wanne. Mimi mmoja wao."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Hapana."

"Unamjua mwenyewe?"

"Sajini, wale wengine mmoja amefariki, mmoja amehamia Bonaire..."

"Sikuuliza wako wapi."

Maira alivua miwani. Ilining'inia kifuani pake.

"Angalia hiyo tano," alisema. "Kofia yake haigusi mwili. Alitufundisha sote tuandike hivyo, ili tano isifanane na sita mtu akiwa na haraka. Sisi tuliacha. Yeye hakuacha."

"Nani?"

"Ndiye aliyenishika siku ya ubatizo. Mama yangu alipokufa yeye ndiye aliyeninunulia viatu vya kwendea shule."

"Naomba jina, Bi Maira."

Alilitaja akitazama rafu. "Ercilio Bernabela."

Swinda alitia kadi kwenye mfuko wa ushahidi, na karatasi ya juu kwenye mfuko wa pili. Akaandika saa, tisa kasoro dakika kumi. Wote watatu wakasaini kwenye lakiri. Maira alisaini wa mwisho.

"Alikuwa anakurudishia sanduku zima kwa sababu ya tarakimu moja," alisema. "Tulikuwa tunalia chooni."

*

Njiani Hensley aliendesha, Swinda akafungua jalada magotini. Kulikuwa na karatasi aliyotaka kuiona tena: Noris Peguero, dada wa Yudelka, alifika kisiwani kwa mara ya kwanza na kuandikisha kupotea kwa mdogo wake tarehe 6 Aprili 2011. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu aliyemtafuta Yudelka. Hapakuwa na sababu ya kutengeneza kadi.

"Mwezi huo huo," Swinda alisema. "Labda wiki hiyo hiyo."

"Mzee wa miaka sabini na kitu," Hensley alisema. "Akinyamaza?"

"Hatanyamaza kuhusu kazi yake."

Ercilio Bernabela aliishi upande wa magharibi wa kisiwa, nyumba ndogo ya rangi ya samawati ndani ya ua wa midungusi. Kutoka kibarazani ungeweza kuona juu ya kilima kuta za njano za Rustplaats. Alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachambua maharage, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alisimama alipoona mwanamke anashuka.

"Karibu, binti. Kiti hicho kina mguu mbovu, kaa huku."

Swinda alijitambulisha, akamtambulisha mwenzake, akamwambia anaweza kuwa na wakili kama akitaka. Mzee alisema hajawahi kuwa na haja ya wakili.

"Nimetoka ofisini kwenu, mzee. Wananiambia wewe ndiye uliyewafundisha wote."

"Walikuwa wazembe. Niliwanyoosha."

"Ulifanya kazi miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Na makosa mangapi?"

Alitabasamu kidogo. Alitoa harage bovu akalitupa uani. "Yaliyotoka mezani kwangu? Hakuna."

Swinda aliuweka ule mfuko juu ya ungo, juu ya maharage.

"Nisomee namba hizo."

"Mia mbili kumi na nne. Mia tano thelathini na moja. Mia mbili kumi na nne." Alisoma haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma hivyo maisha yake yote.

"Sasa tarehe."

"Tarehe kumi na nne Februari, mwaka elfu mbili na..."

Hakuimaliza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akasoma tena. Midomo yake ilisogea bila sauti. Hensley alikuwa amefungua daftari, na hakuna aliyemharakisha.

"Ni Maira," mzee alisema mwishowe.

"Mimi nimeuliza tarehe."

"Ni Maira aliyeiona. Hakuna mwingine ambaye angeiona." Aliweka kidole juu ya plastiki, palepale kwenye tarakimu ya mwisho. "Mkono ulikuwa umeshazoea. Miezi mitatu tu ya namba mpya, na mkono umeshazoea."

"Nani alikuletea kadi hii?"

Mzee alitazama kilimani.

"Mama yangu alifua nguo za nyumba ile miaka arobaini," alisema. "Nilizaliwa uani kwao. Shon mkubwa, baba yake Rainier, ndiye aliyenipeleka shule. Mtoto wa dobi. Alininunulia kalamu yangu ya kwanza."

"Rainier alikuja lini?"

"Hakuwahi kuniomba kitu chochote kabla ya siku hiyo."

"Lini, mzee?"

"Wiki moja kabla ya Pasaka. Mwaka wa kumi na moja. Alinisubiri nje ya ofisi, kwenye gari lake."

"Akasema nini?"

"Kwamba msichana alitoroka kwa mashua kwenda Venezuela, bila karatasi. Kwamba sasa dada yake amekuja kulichafua jina la nyumba. Kadi moja tu, Ercilio, mambo yatulie. Nikampa kadi tupu ya akiba ya zamani."

"Jumatatu wakili wake ametuambia aliondoka kwa ndege."

"Mimi aliniambia mashua."

"Nani aliijaza kadi?"

"Yeye mwenyewe, palepale garini. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Mimi niliandika namba za ukingoni tu, nikaenda nikaichomeka."

"Namba ya pasipoti alikuwa anaijua kwa kichwa?"

"Hapana. Alikuwa anainakili."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye pasipoti."

Kalamu ya Hensley ilisimama.

"Pasipoti ya nani, mzee?" Swinda aliuliza. Sauti yake haikubadilika.

"Ya msichana. Aliiweka juu ya usukani..." Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Endelea."

"Kulikuwa na picha. Nywele amezibana nyuma."

"Msichana aliyeondoka miaka miwili kabla ya hapo. Na pasipoti yake iko kwa Rainier Capello."

"Ndiyo."

"Uliiona kwa macho yako."

"Kwa macho yangu."

"Ukajiuliza?"

"Sikujiuliza."

"Mzee."

Upepo ulipeperusha maganda ya maharage kutoka kwenye ungo. Ercilio aliyafuata kwa macho mpaka yakakwama kwenye miiba ya ua.

"Nilijiuliza," alisema. "Nikaacha. Nikasema, mtu haulizi mahali alipolelewa."

"Na dada yake Yudelka? Uliwahi kumwona?"

Mzee aliutoa ule mfuko juu ya maharage, akamrudishia.

"Alikuja dirishani baada ya Pasaka. Mimi nilikuwa zamu. Nilishusha sanduku nikamwonyesha."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, mwanangu, dada yako alikwenda nyumbani."

*

Maelezo yake yaliandikwa kituoni, kurasa tano. Yeye mwenyewe aliyasoma mara tatu akifuatisha kila mstari kwa kidole. Kwenye ukurasa wa nne akasimamisha kidole, akasema neno moja limekosa herufi, akaomba lirekebishwe kabla hajasaini. Hensley alilirekebisha. Mzee alisaini kila ukurasa, kisha akauliza kama Maira ataambiwa kwamba amekubali. Swinda alimwambia ataambiwa.

Alhamisi saa nne asubuhi Terpstra alikuwa na vitu vinne mezani: karatasi ya juu yenye 61, kadi ya sitini na mbili, orodha ya zamani ya namba za nchi isiyokuwa na 531, na yale maelezo. Alisoma ukurasa wa tatu, ule wa pasipoti juu ya usukani, akarudi akausoma tena.

"Kama Capello alikuwa na pasipoti ya Yudelka mwaka 2011," alisema, "alikuwa anajua kwamba mwenyewe hataihitaji."

"Ndiyo."

Alinyanyua simu akampigia hakimu.

Walimkamata Rainier Capello nyumbani kwake saa tano na nusu. Masanduku mawili yalikuwa tayari mlangoni na mkewe alikuwa anafunga madirisha ya ukumbini. Alisomewa hati akiwa amesimama, mtu mnene mwenye mikono safi, na hakusema neno mpaka Swinda alipofika kwenye jina la shahidi.

"Ercilio?" aliuliza. Hakukasirika. Alishangaa, kama mtu aliyeambiwa kwamba kiti chake kimesema.

Hakusema kingine siku ile, wala siku zilizofuata. Pasipoti haikupatikana. Kwenye banda la vifaa walikuta gunia tupu la chokaa, lakini kila nyumba ya zamani kisiwani ina chokaa. Hakimu alimnyima dhamana na kumnyang'anya tikiti. Mengine yangengoja maabara.

*

Noris Peguero alikuwa amepanga kwenye nyumba ya wageni mtaani Otrobanda, chumba cha nyuma, na kulipia chumba alikuwa anawafulia mashuka. Swinda alimkuta juu ya paa mchana ule, anaanika. Alimweleza polepole, bila kuruka kitu: kadi, namba, mzee, gari, pasipoti. Noris alisikiliza akiwa ameshika shuka lililolowa mikononi, maji yanamtiririkia miguuni.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema. "Kule kisimani."

"Maabara bado hawajajibu. Lakini hakuondoka kisiwani. Hilo tunalijua sasa."

Noris aliliweka shuka juu ya kamba, akalinyoosha kona hadi kona.

"Mama alikufa mwaka wa kumi na tatu," alisema. "Niliporudi kutoka hapa nilimwambia nilichoambiwa. Kwamba Yudelka alishuka Santo Domingo salama. Kutoka pale mpaka kwetu ni saa nne za basi. Mama hakulia. Alisema, basi hakututaka. Padri alipokuja kumpaka mafuta akamuuliza ana watoto wangapi. Akasema watatu."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanne."

Chini barabarani mtu alipiga honi, mwingine akamjibu kwa matusi. Noris alingoja wanyamaze.

"Yule mzee wa dirishani. Ana miwani? Mwembamba, kalamu hapa?"

"Ndiye."

"Watu walikuwa wamejaa siku ile. Akaniona naegemea ukuta, akatoka nje na kiti chake mwenyewe, akanikalisha. Akaniletea maji ya ndimu. Nilikuwa sijala tangu jana yake." Alifuta mikono kwenye sketi. "Wiki tatu nilizunguka kisiwa hiki, na hakuna mtu mwingine aliyeniita mwanangu. Nimemwombea kila Jumapili, miaka mitano. Sikulijua jina lake, nikawa nasema tu, yule mzee wa kadi."

Akamgeukia Swinda.

"Anaitwa nani?"

Akamwambia.

Noris alilirudia lile jina mara mbili, polepole, mpaka likakaa sawa mdomoni. Kisha akainama kwenye beseni, akatoa shuka jingine, akalikamua.